Chia Yataka Maji Kabla ya Kuliwa

Chia ni mbegu ndogo mno, nyeusi au nyeupe, ya mmea ulio jamaa ya mrehani. Asili yake ni Meksiko na Guatemala. Waazteki waliila na kuitoza kama ushuru kabla ya Wahispania kufika mwaka 1519. Siku hizi hulimwa hata Kenya.

Ikitiwa majini, kila mbegu hujivika utelezi mzito, nayo huweza kunywa maji zaidi ya mara kumi ya uzito wake. Kwa sababu hiyo haifai kamwe kuimeza kavu. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza habari za mtu aliyemeza kijiko cha chia kavu, kisha akanywa maji. Mbegu zilivimba zikaziba njia ya chakula, hata ikabidi zisukumwe kwa chombo hospitalini.

Yafaa kijiko kimoja kitiwe katika bilauri ya maji au maziwa, kikorogwe, kiachwe nusu saa. Wengine huitia katika uji.

Gramu 100 za chia zina karibu gramu 34 za nyuzinyuzi, ambazo hulainisha choo, na kalsiamu nyingi ya kujenga mifupa. Uji wa wimbi nao huleta kalsiamu, tena kwa bei nafuu. Mafuta yake ni mema, ila mwili hugeuza sehemu ndogo tu kuwa kama mafuta ya samaki. Basi omena wasiachwe.

Wako wauzaji wasemao chia huponya kisukari. Hicho ni chakula, si dawa, na mgonjwa asiache vidonge alivyopewa na daktari.