Unauza raba za mazoezi kwa akina mama? Soma hii kabla hujapokea oda

Leo naongea na nyie wa raba, soksi na madira mtandaoni.

Hapa Chake, pita njia ya Gombani baada ya sala ya alfajiri. Utawakuta akina mama wa miaka 40, 50 na kitu wanatembea kwa makundi, wengine na ndala. Zanzibar vikundi vya mazoezi ni vingi, hata Januari 1 ni siku ya mazoezi kitaifa. Wateja hao wapo mwaka mzima, ila picha tunazopost ni za wasichana wembamba tu. Mama akiona, anajua hazimhusu.

Sasa, wengi hawatembei kwa mapambo. Wameambiwa na daktari kwa sababu ya presha au sukari. Na hedhi ikishakatika mifupa hupoteza nguvu haraka, kutembea kunasaidia kuishikilia. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Wastani maana yake anaweza kuongea huku anatembea, ila kuimba hawezi. Zile hatua 10,000 zilianzia kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Lilikuwa jina la bidhaa, watu mpaka leo wanahesabu! (Hapo ndipo ujue nguvu ya jina zuri.)

Lakini kubwa ninalotaka mlishike ni saizi. Sukari ya muda mrefu inaua hisia za miguu. Mama akivaa raba inayobana hasikii maumivu, lengelenge linageuka kidonda, na kidonda cha sukari kinaweza kumfikisha mtu kukatwa mguu. Kwa hiyo ukimwambia "chukua 39 tu mama, itatanuka", unacheza na mguu wa mtu.

Mimi nafanya hivi. Namwomba apime jioni, kwa sababu miguu huvimba mchana. Akanyage karatasi, achore miguu yote miwili, apime kwa rula toka kisigino hadi kidole kirefu, anitumie sentimita. Nachukua mguu mkubwa, napima na soli ya ndani ya raba, lazima ibaki kama sentimita 1 mbele. Halafu namuuliza kwa adabu, inboksi si kwenye komenti: "Samahani mama, miguu ina ganzi au kidonda?" Akisema ndiyo, namwambia aanze hospitali, raba nitamwekea. Oda nyingine zinapotea hapo, na iwe hivyo.

Msiandike "unapungua kilo 5 kwa wiki". Kutembea peke yake hakufanyi hivyo, na asipopungua atakutangaza kundi zima. Kundi ndilo soko lenyewe: mmoja akivaa akaridhika, wenzake wanamuuliza njiani kanunua wapi.

Tuma sauti badala ya maandishi marefu, wengi herufi ndogo zinawasumbua. Kubali walipe kidogo kidogo, ila mzigo utoke pesa ikikamilika. Na Ramadhani badilisha saa za kupost, maana wengi huhamishia matembezi jioni kabla ya futari.