Mchunga: Gugu la Shamba na Mboga ya Nyumbani

Wengi wenu mmetuuliza namna ya kuuondoa mchunga katika mikarafuu michanga. Wengine, na hasa kina mama, wametuuliza kinyume chake: vipi waupate karibu na nyumba badala ya kuufuata mbali. Masuala haya mawili jawabu lake ni moja, nalo limo chini ya ardhi.

Mchunga ni wa ukoo mmoja na alizeti, na saladi pia ni jamaa yake. Wataalamu wa mimea huuita Launaea cornuta. Ukilikata jani lake hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Ua lake la manjano laonekana kuwa moja, lakini kwa hakika ni vijiua vingi vilivyokusanyika pamoja, na mbegu zake zina manyoya meupe ambayo upepo huyachukua. Hata hivyo, taabu yetu kubwa si mbegu. Mmea huu hutambaza mashina meupe ndani ya udongo, ambayo sisi huyaita mizizi tu, nayo huenda mbali na kuchipua mahali pengi.

Basi mtu akiupiga jembe, huukata mzizi mmoja vipande vitano, na kila kipande chenye jicho huweza kuota. Siku ile ataona shamba limetakata. Mvua ikinyesha atakuta mchunga umezidi. Tena jembe hilo hilo hukata mizizi ya mkarafuu, kwa kuwa ile inayofyonza chakula iko karibu sana na uso wa ardhi. Mkarafuu humngojesha mwenyewe miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na mche uliojeruhiwa utamngojesha zaidi.

Yafaa kungoja ardhi iwe na maji, kisha ulegeze udongo kwa muo na kuufuata mzizi kwa mkono mpaka mwisho wake. Uuanike juu ya jiwe mpaka ukauke kabisa. Usiutupe jaani kwenye mbolea, maana utarudi nao shambani. Halafu tandaza majani makavu mengi kuuzunguka mche, yasiguse shina. Utachipua tena, nawe utang'oa tena, na kila mara mzizi utakuwa na nguvu kidogo kuliko kwanza. Kazi hii yataka subira.

Najua wako watakaosema kuwa dawa ya kuua magugu ni nyepesi kuliko yote haya. Hapa nataka tusikilizane vizuri. Dawa nyingi za namna hii huingia ndani ya mmea na kushuka mizizini, na jani huweza kubaki kijani siku kadhaa kabla ya kunyauka. Nasi kwetu hapana desturi ya kuomba ruhusa ili kuchuma mchunga katika shamba la mtu. Mtoto aliyetumwa mboga jioni ataliona jani zuri, atalichuma, na kuliosha hakutaitoa dawa iliyokwisha kuingia ndani. Mwenye kupiga dawa hana budi kuwaambia majirani kabla, nyumba kwa nyumba. Bango peke yake halitoshi, kwani asiyejua kusoma hulipita. Kwa maoni yangu, shamba ambalo watu huchuma mboga lisipigwe dawa kabisa.

Lililo bora ni kuupa mchunga tuta lake nyuma ya nyumba, mbali na kitalu cha mikarafuu. Mwanzo wa masika kata mizizi vipande vya urefu wa kidole, kila kimoja na macho yake, uvifukie inchi mbili au tatu chini, shibiri moja baina ya kimoja na kingine. Tia samadi iliyooza. Uzungushie tuta mfereji, na mzizi ukitokeza ndani ya mfereji ukatwe. Chuma majani machanga bila ya kung'oa mmea, na kata kila kikonyo cha ua kinapotokea, kwani mmea ukishatoa maua majani huzidi uchungu, na mbegu zitarudi kule kule ulikotoka. Wakati wa kiangazi tia maji. Mchunga hustahimili ukame, lakini majani huwa magumu.

Kupika hatuna haja ya kufundishana, ila kwa vijana: chemsha, mwaga maji ya kwanza, kamua, kisha utie tui. Asiyeuweza uchungu achanganye na mchicha. Wapo wanaoula kama dawa ya sukari. Ni mboga njema, lakini mgonjwa asiache dawa alizopewa hospitali kwa ajili yake. Majani yaliyokomaa wape sungura wa kufuga, huyapenda sana.

Mwenye kutaka mizizi ya kupanda asinunue. Aende kwa jirani mwenye mikarafuu michanga na amwambie anataka kumng'olea mchunga. Sidhani kama atakataliwa.