Kiyoyozi kipya cha lori kinatoa hewa vuguvugu: usikimbilie gesi

Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijashuka, kebini ya lori linalotoka Ulyankulu na tumbaku inachosha mwili na akili. Injini iko chini ya dereva, jua liko usoni, na vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Tabora na pwani waliondoka alfajiri wakatua kabla jua halijawa kali. Dereva wa leo hana nafasi hiyo. Saa nane mchana bado yuko barabarani na tani zake nyuma. Kumfungia kiyoyozi si anasa, ni usalama wake na wa anaopishana nao. Kwa hiyo inauma sana fedha ikishatoka, kiyoyozi kikafungwa, halafu wiki ya kwanza tu kikatoa hewa vuguvugu.

Wengi hapo hapo humwambia fundi aongeze gesi. Nakuomba usianzie huko. Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama dizeli; inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na inatakiwa ibaki humo miaka. Ikiwa imepungua kwenye mfumo mpya, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kuitupa. Ikiwa haikupungua, ukiongeza unazidisha msukumo, unaielemea kompresa, na baridi inazidi kupungua. Katika kiyoyozi kilichofungwa juzi, kasoro mara nyingi ni ya siku ya kufunga, na hiyo unaitafuta bila kufungua mtungi.

Anza kwa kupima, tena mchana. Gari linalokabidhiwa saa kumi na mbili jioni litapoza vizuri hata kama lina kasoro, kwa sababu hewa ya nje yenyewe imeshapoa. Washa injini, ishikilie kwenye mizunguko kama 1,500 kwa dakika, funga milango na vioo, weka swichi kwenye hewa ya ndani badala ya hewa ya nje, feni ya kebini iwe kasi ya kati. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi, ngoja dakika kumi. Siku ya nyuzi 30, mfumo mzima hutoa hewa ya kati ya nyuzi 5 na 12 hivi. Ukisoma 20, una tatizo. Wala usihukumu kwa maji yanayodondoka chini ya gari: kiangazi cha Tabora hewa ni kavu na matone huwa machache hata kiyoyozi kikiwa kizima, ilhali wakati wa masika yanamwagika.

Sasa gusa mabomba mawili ya maji ya moto yanayoingia kwenye hita ya kebini. Malori mengi yana hita, na valvu yake huvutwa kwa waya. Fundi anapofungua dashibodi ili aweke evapureta, ile inayopoza hewa ya kebini, waya huo unaweza kurudishwa vibaya, valvu ikabaki wazi kidogo. Hapo kiyoyozi kinapoza na hita inapasha, vyote ndani ya kasha moja. Mabomba yote mawili yakiwa ya moto wakati swichi ya hita imefungwa, yabane kwa kibanio cha mabomba yasipitishe maji, kisha soma kipimajoto tena. Kikishuka, umepata mchawi wako bila kugusa gesi hata gramu moja. Nashangaa jaribio hili linavyorukwa, maana halina gharama.

Baada ya hita, nenda mbele ya gari. Kondensa, ile inayofanana na rejeta nyembamba mbele ya rejeta ya maji, ndiyo inayotupa nje joto lililochukuliwa kebini. Isipopata upepo, joto halina pa kwenda. Kwenye malori yaliyofungiwa kiyoyozi baadaye, kondensa hupata shida ya aina tatu. Pengine ni ndogo, imetolewa kwenye gari la saluni. Pengine imefungwa mbali na rejeta, pembeni pako wazi, na hewa ya moto ya injini inazunguka kurudi mbele. Au feni ya umeme iliyoongezwa inazunguka kinyume kwa sababu nyaya zake zimegeuzwa. Hili la mwisho lipime kwa karatasi: gari likiwa limesimama na feni inazunguka, isogeze mbele ya kondensa. Ikivutwa ikanata, sawa. Ikisukumwa kuelekea kwako, feni inapigana na upepo wa barabarani, na dereva atakwambia kiyoyozi kinapoza akisimama lakini akikimbia kinakufa.

Jaribio la pili la hapo hapo ni maji. Mwagia kondensa maji safi taratibu huku mwenzako anasoma kipimajoto. Baridi ikiongezeka haraka, kasoro iko kwenye upepo au ukubwa wa kondensa. Na barabara zetu za vumbi usizisahau: kondensa iliyofungwa Jumatatu inaweza kuwa imejaa vumbi na mabaki ya majani ya tumbaku wiki mbili baadaye. Ipulize kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ndogo, ili vipezi visilale.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo fundi alete geji. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, gesi ya R134a kwenye nyuzi 30 hukaa karibu psi 97 pande zote mbili. Namba hiyo haisemi kama gesi ni nusu au imejaa. Ilimradi kuna kimiminika ndani, mshale unasimama pale pale. Ndiyo maana gesi hupimwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye karatasi ya vifaa, na anayejaza kwa kukisia anabahatisha. Ila mshale ukisimama juu sana ya hapo, kuna hewa ndani, au gesi yenyewe si ile iliyoandikwa mtungini.

Injini ikiwaka, upande wa chini kwa kawaida husoma kati ya 25 na 45, wa juu kati ya 150 na 250 kutegemea joto la siku. Pande zote zikiwa chini, gesi haitoshi: paka povu la sabuni kwenye kila kiungo kipya, hasa palipokazwa oringi. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, kuna hewa, au kondensa haipati upepo. Wa chini ukipanda na wa juu ukashuka, kompresa haisukumi: mkanda unateleza au klachi yake haishiki. Malori makubwa mengi ni ya volti 24. Pima umeme pale pale kwenye waya wa klachi injini ikiwaka; unapaswa kukuta kama 27. Ukikuta 20, nyaya ni nyembamba au eathi imefungwa juu ya rangi.

Kuna dalili moja ya kuitazama kwa makini: kiyoyozi kinapoza robo saa, kinaacha, ukizima ukasubiri kinaanza upya, na kinapoacha geji ya chini inazama hadi chini ya sifuri. Hiyo mara nyingi ni barafu kwenye valvu ya kutanua gesi. Unyevu ulibaki ndani ya mabomba kwa sababu hayakuvutwa vakyumu ya kutosha, au drai (kikausha unyevu) iliachwa wazi mezani ikanywa unyevu wa hewa. Wapo wanaovuta vakyumu kwa kompresa ya friji kuukuu, na wapo wanaosukuma hewa nje kwa gesi tu. Dawa ni kutoa gesi, kuweka drai mpya, na kuvuta kwa pampu yenyewe dakika 30 hadi 45, kisha kufunga geji na kungoja uone kama mshale unatulia. Hapa Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo geji ya kawaida itaishia karibu inchi 26, si 29.9 ya Dar es Salaam. Fundi asibadilishe pampu nzima kwa sababu hiyo.

Kama valvu ya kutanua gesi ina kihisi cha joto cha nje, kihisi hicho kifungwe kwa nguvu kwenye bomba linalotoka evapureta na kufunikwa sponji. Kikining'inia, kinahisi joto la kasha badala ya bomba.

Gesi inayotolewa ikusanywe kwa mashine, isiachwe hewani: R134a hupasha dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule, na ni Kigali, Oktoba 2016, nchi za dunia zilipokubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Usikubali kamwe gesi ya kupikia ndani ya mabomba hayo. Ikivuja kebini na cheche moja, ni moto. Na jihadhari na mitungi ya bei ya ajabu. Mwaka 2011 makontena ya majokofu yalilipuka bandarini na kuua wafanyakazi kwa sababu ya gesi ya bandia iliyoshambulia aluminiamu ndani ya kompresa.

Kabla ya kulipa salio, mwombe fundi akuandikie kwa mkono: gesi ya aina gani na gramu ngapi, mafuta ya kompresa ya aina gani, vakyumu ilivutwa dakika ngapi, geji zilisoma nini na siku hiyo joto la nje lilikuwa ngapi. Karatasi hiyo iwekwe kwenye bahasha ya kadi ya gari, ili fundi wa Morogoro au wa Kigoma atakayeligusa lori asianze kwa kubahatisha.