Somo kwa Vikundi vya Vijana: Kuomba Maoni Juu ya Sanaa ya Kompyuta

Vijana wengi siku hizi wanajifunza kuchonga vitu ndani ya kompyuta. Tunasema kuchonga kwa sababu kitu kinachotengenezwa kina urefu, upana na kina, na unaweza kukizungusha ukaona hata mgongo wake. Wenyewe wanaiita 3D. Programu moja inayotumiwa sana ni Blender, ambayo ni ya bure na wazi kwa wote tangu mwaka 2002, wakati watu wa nchi nyingi walipochanga euro 100,000 ili iachiliwe. Msidhani ni kitu cha kuchezea. Filamu ya Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitengenezwa kwa Blender, na mwezi wa Machi 2025 ikapata tuzo ya Oscar.

Kwa hivyo programu ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwambia kijana ukweli unaomsaidia. Anafanya kazi wiki sita, anawaonyesha marafiki, nao wanasema, "Safi sana, endelea hivyo hivyo." Anamwonyesha mtu anayejua kidogo, anaambiwa, "Hii ni takataka." Maneno ya kwanza yanamlaza, ya pili yanamvunja, na hakuna hata moja linalomwambia kesho asubuhi aanze kurekebisha wapi. Tumeona vijana wenye kipawa wakiacha kabisa. Wengine wamekwenda kutafuta kazi wakiwa na sifa za marafiki tu, wakarudi mikono mitupu bila hata kuelezwa sababu.

Sasa, watu hawatoi maoni mabaya kwa sababu wana roho mbaya. Mara nyingi ni kwa sababu wameulizwa vibaya. Ukimwuliza mtu, "Ni nzuri?" atakujibu nini? Adabu yetu inamlazimu aseme ndiyo.

Tuchukue mfano. Kikundi cha vijana kinatengeneza filamu fupi ya kufundisha juu ya maji safi. Msichana mmoja amepewa kazi ya kuchonga mama anayebeba mtungi wa lita 20 mgongoni, kamba ikipita kichwani, kama wanavyobeba akina mama wengi wa pande za Mlima Kenya. Aombe maoni lini, kwa nani, na kwa maneno gani?

Aombe mapema, kabla ya kutia rangi. Hapa vijana wengi wanakataa, wanaona haya kuonyesha kitu ambacho hakijaiva. Lakini hebu tuangalie waliotangulia. Filamu ya Toy Story ya mwaka 1995 ndiyo filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta. Novemba 1993, watengenezaji wake wa Pixar waliwaonyesha wakubwa wa Disney sehemu ya hadithi, ikiwa bado kwa sehemu kubwa ni michoro iliyopangwa na kutiwa sauti. Mambo yalikwenda vibaya. Woody, yule mchunga ng'ombe, alikuwa mkali na mwenye dharau hata hakupendeka. Kazi ikasimamishwa, hadithi ikaandikwa upya. Iliuma, lakini kurekebisha mchoro ni rahisi kuliko kurekebisha filamu iliyokwisha. Hata kwa msichana wetu ni hivyo hivyo: kusogeza mguu wa mama siku ya tatu ni kazi ya dakika chache, lakini baada ya nguo, rangi na mwendo kuwekwa, anaweza kupoteza wiki nzima.

Aonyeshe nini? Si picha moja aliyoichagua kwa sababu inaficha kasoro. Atoe picha za mbele, ubavuni na nyuma, zote za rangi ya kijivu tupu, kwa sababu rangi na mwanga mzuri hudanganya jicho. Atoe pia picha inayoonyesha ule wavu wa mistari unaolishikilia umbo, maana hapo ndipo mjuzi ataona kama goti litakunjika vizuri au litakunjamana kama gunia. Na aweke kando picha halisi aliyotumia kama kielelezo. Asipokuwa na kielelezo, mtazamaji atalinganisha na nini?

Kisha aseme kazi ni ya nini, imefika wapi, na aulize swali moja au mawili tu. Kwa mfano: "Huyu ni mama wa filamu ya maji, itatazamwa na watu wazima na watoto wa shule. Nguo bado. Nataka kujua kama mtungi unaonekana mzito, na kama mnaona jambo lolote la uongo katika kusimama kwake." Swali kama hilo hata mtu mpole atalijibu.

Amwulize nani? Vijana hukimbilia wenzao wa kompyuta peke yao. Ni sawa, hao watamsaidia kwa habari ya wavu na mwanga. Lakini juu ya kubeba maji, mjuzi ni yule aliyeyabeba. Tuseme shosho anaitazama picha kidogo tu, anasema, "Mwanangu, huyu hana mzigo. Mtungi wake ni wa karatasi." Kijana anaweza kukimbilia kuupaka mtungi rangi nyingine. Lakini lita 20 za maji ni kilo 20. Mwenye kuzibeba hivyo huinama mbele, kamba inavuta kichwa, shingo inakaza, hatua zinakuwa fupi. Mtungi hauna kosa lolote; mwili ndio umesimama wima kama wa mtu anayekwenda arusini! Watu hujua sana ni wapi pamewasumbua, hata kama dawa wanayopendekeza si yenyewe. Kwa hivyo pokea pale panapouma, na dawa uitafute mwenyewe. Na usione haya kumwuliza tena, "Shosho, ukiwa umebeba, uzito unausikia wapi?"

Wakati wa kusikiliza, nyamaza uandike. Kijana anayejitetea kila neno ("ati kompyuta yangu ni ya pole pole") hufunga vinywa vya watu, na wakati ujao watasema tu ni nzuri. Lakini kunyamaza si kukubali yote. Pixar wana kikao chao kiitwacho Braintrust, ambacho Ed Catmull alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 2014. Humo wakongwe husema wazi panapokosea, lakini kikao hakina mamlaka ya kumlazimisha mwenye filamu. Atakachobadilisha ni juu yake. Tunaona hiyo ni kanuni nzuri hata kwa kikundi cha watu sita na kompyuta moja. Mtu mmoja akisema jambo, lifikirie. Watatu wakikwama mahali pamoja bila kusikizana, simama hapo.

Neno moja kwa viongozi wa vikundi. Mwenyekiti akianza kusema, wengine watamwunga mkono, ndivyo tulivyolelewa. Basi aanze mdogo kuliko wote, mwenyekiti amalizie. Na kila anayesema ataje kiungo, aeleze anachoona, na kwa nini kinamsumbua. "Mikono ni mibaya" haisaidii. "Vidole vyote vina urefu sawa, kwa hivyo naona glavu badala ya mkono" inasaidia, na wala haimdhalilishi mtu.

Kwa mkutano ujao, kila kijana alete kazi moja isiyokwisha, ikiwa katika picha tatu za kijivu, na swali moja lililoandikwa kwenye karatasi. Alike pia mtu mmoja anayekijua kitu hicho kwa mikono yake: seremala kama ni kiti, mvuvi kama ni mashua. Mpeni kila mwenye kazi dakika kumi, tano za watu kutazama kimya na tano za kusema. Baada ya wiki mbili alete picha ya zamani na mpya, aziweke pamoja, na aeleze maoni gani aliyafuata, yapi aliyaacha, na sababu yake.