Darubini ya Upinde wa Mtambo: Fanya Hivi, Usifanye Hivi

Kila Agosti simu yangu haitulii. Ni vijana wetu wa huku Ohio, mmoja katokea Bukavu, mwingine Mombasa, wameshanunua upinde wa mtambo, ule wenye kitako na kifyatulio kama bunduki, na sasa wanauliza waweke darubini gani. Msimu wa ayala wenye mkia mweupe hufunguliwa mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo kila mmoja anataka jibu leo. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Haya ni masharti, msiyachukue kama maoni. (Aliye Kenya asome kwa kujifurahisha tu, huko uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977.)

Usihamishe darubini ya bunduki. Najua unayo kabatini, na najua uliigharimia. Iache huko huko. Bunduki humpiga mtu begani kwenda nyuma. Upinde wa mtambo ukifyatuka, mbawa zake huruka mbele kisha husimama ghafla, na mshtuko huo huvuta chombo kizima kuelekea mbele. Darubini ambayo haikutengenezwa kwa mshtuko wa namna hiyo huanza kulegea ndani kwa ndani; leo mshale unaingia katikati, wiki ijayo unaingia kushoto, na wewe unailaumu mikono yako. Tena, darubini nyingi za bunduki zimepangwa kwa umbali wa yadi 100. Ukiitumia kwa yadi 20, kichwa kikisogea kidogo tu kwenye kitako, msalaba wa shabaha nao unaonekana kuhama juu ya mnyama, ilhali upinde haujasogea. Tafuta iliyopangwa kwa yadi 50 au chini yake.

Fanya hesabu ya anguko la mshale kabla hujatazama bei. Huu ndio moyo wa jambo lote, nami sitaupita haraka. Chukua upinde unaorusha mshale kwa futi 350 kwa sekunde. Uupange upige katikati kwa yadi 20, yaani mita 18. Mshale huo huo, kwa msalaba huo huo, ukiupeleka yadi 40 utaingia chini ya ulipolenga kwa sentimita 24 hivi. Kwa yadi 50 utashuka karibu maradufu ya hapo. Risasi haikufundishi jambo hili, ndiyo maana mtu aliyezoea bunduki hudhani kuna kitu kimeharibika. Hakijaharibika. Mshale ni mzito na ni wa polepole, na ardhi inauita muda wote uko hewani.

Kwa hiyo nunua darubini yenye alama kadhaa zilizopangwa kutoka juu kwenda chini: ya kwanza kwa yadi 20, ya pili 30, ya tatu 40, na kadhalika. Msalaba mmoja mtupu ni wa mtu ambaye ameapa kutopiga ng'ambo ya yadi 25. Kama ndiwe, sawa, lakini kiapo hicho ukitimize.

Usiamini kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Mtengenezaji aliipima kwa mshale mwepesi. Wewe utaweka mshale mzito zaidi na ncha ya chuma ya kuwindia, na kasi itapungua. Darubini nyingi za upinde wa mtambo zina pete ya kuzungusha iliyoandikwa namba za kasi, 300, 350, 400. Watu huzungusha hadi namba ya boksi na kuondoka wameridhika. Kosa. Anza na yadi 20 ukitumia alama ya juu, rekebisha mpaka mishale ikusanyike. Kisha rudi yadi 40 na utumie alama ya tatu. Mishale ikiingia chini, upinde wako ni wa polepole kuliko pete inavyodai: shusha namba. Ikiingia juu, pandisha. Kila ukigusa pete, rudi yadi 20 uhakikishe, halafu 40 tena. Ikishatulia, weka alama ya rangi ya kucha pale pete iliposimama. Mke wangu alinipa chupa nzima baada ya kuchoka kuitafuta yake kwenye sanduku langu la mishale.

Usiiguse pete hiyo ukiwa porini. Pete ya kasi ni ile ile ya kukuza picha. Katika darubini za aina hii alama hazikui pamoja na mnyama. Ukikuza, ayala anakuwa mkubwa lakini alama zinabaki zilivyo, na umbali zinaousimamia unabadilika. Mimi nilijifunza kwa aibu. Dume alisimama yadi 40, jua linazama, nami nikataka kuhesabu matawi ya pembe zake. Nikazungusha pete hadi mwisho, nikahesabu, nikasahau kuirudisha. Mshale ulipita chini kabisa ya kifua, ukakata nywele nyeupe na kujichomeka kwenye majani. Hakuna damu niliyoikuta, na nilitafuta mpaka usiku. Nilishukuru kwamba nilikosa kabisa, maana sentimita tatu juu zaidi ningemwacha na jeraha la siku nyingi. Ukitaka kuhesabu pembe, beba darubini ya mkononi.

Usinunue ukuzaji mkubwa. Mara nne inatosha, na inayoanzia moja na nusu hadi tano ni bora. Kwa yadi 15, ukuzaji wa mara tisa utakuonyesha manyoya bila kukwambia ni ya bega au ya paja.

Gawanya kipenyo cha kioo cha mbele kwa ukuzaji. Kioo cha milimita 32 kwa ukuzaji wa mara nne kinakupa duara la mwanga la milimita 8. Mboni ya kijana gizani hufunguka karibu milimita 7, ya mzee hata 5 ni kazi. Anayekuuzia kioo cha milimita 50 kwa ukuzaji huo huo anakuuzia mwanga usioweza kuingia jichoni mwako, pamoja na uzito wa kubeba bure. Kilicho muhimu ni ubora wa kioo na mipako yake, na hilo hulioni chini ya taa za dukani. Omba utoke nje nayo jioni. Nimewahi kukataliwa, niliirudisha rafuni nikaenda duka jingine. Katika majimbo mengi ya Marekani saa halali za kuwinda ayala huishia nusu saa baada ya jua kuzama, na dakika hizo za mwisho ndizo utakazozijaribu hapo nje.

Nukta nyekundu: ndiyo, lakini. Kifaa cha nukta ya mwanga, kisichokuza, ni kizuri kwa mwenye kuwinda vichakani, umbali mfupi, macho yote mawili wazi. Hakina alama za umbali, isipokuwa vichache. Mwenye kasoro ya jicho iitwayo astigimatizimu ataiona nukta kama nyota iliyopasuka. Na betri hazipendi baridi ya Desemba. Beba ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Soma sheria za jimbo lako kabla ya kununua kifaa kinachopima umbali chenyewe. Zipo sasa darubini za upinde zinazotupa miale, kupima yadi na kukuwashia alama ya kulengea, kama Garmin Xero X1i na Burris Oracle X. Ni ufundi wa kustaajabisha. Lakini yapo majimbo yasiyoruhusu kifaa cha umeme kufungwa kwenye upinde wa kuwindia. Neno la muuza duka halitakusaidia mbele ya askari wa wanyamapori.

Usidhani alama ya yadi 80 ni ruhusa. Sauti husafiri kwa zaidi ya futi 1,100 kwa sekunde, mshale wako 350. Kwa yadi 40 ayala anausikia mlio wa kamba robo sekunde nzima kabla mshale haujafika, na mnyama huyu akishtuka hujiinamisha ili aruke. Ulilenga pafu, akachuchumaa, mshale ukapita juu au ukamwingia mgongoni. Alama za chini zitumie uwanjani, kwa gunia la mazoezi. Gunia halina masikio.

Hesabu mibofyo. Kwenye vifundo vya kurekebishia shabaha pameandikwa kwamba mbofyo mmoja ni robo inchi kwa yadi 100. Maana yake, kwa yadi 20 inchi moja ni mibofyo 20. Watu hubofya mara nne, hawaoni badiliko, wanasema darubini ni mbovu na kuirudisha dukani.

Funga pete za kushikia kwa kipimo. Ukikaza kupita kiasi unaminya bomba. Ukilegeza, darubini inatambaa. Na iwe wima: darubini iliyolala upande hukudanganya kidogo kwa yadi 20 na zaidi kwa 40.

Ukiangusha upinde, uwindaji wa siku hiyo umesimama. Haijalishi kioo kizima, haijalishi umetoka nyumbani saa kumi usiku na umeshapanda mtini. Teremka, nenda kwenye gunia, piga mshale mmoja kwa yadi 20. Usipoingia mahali pake, fungasha urudi nyumbani.