Dungu Juu ya Trela: Miguu Isimame Kwenye Chesi

Paa la trela la kupigia kambi halikutengenezwa kubeba watu. Nalitanguliza hili kwa sababu kila anayeniuliza namna ya kujenga dungu juu ya trela lake huanza na mbao: anunue zipi, azipake nini. Mbao ni habari ya mwisho. Matrela mengi ya kambi, yawe yameagizwa nje au yamechomelewa hapa hapa Arusha, yana paa la bati jembamba au alumini lililotandazwa juu ya fremu nyepesi. Kazi yake ni kuzuia mvua na vumbi. Mtu mzima akisimama juu yake, kilo zake 75 zote zinaingia mahali padogo pa nyayo mbili. Paa linabonyea, viungo vinafunguka, na mvua ya kwanza inakuonyesha palipofunguka.

Kwa hiyo dungu langu ni meza. Lina miguu sita, miguu imesimama kwenye chesi, na paa la trela liko chini ya meza bila kuguswa. Uzito wa watu unashuka kwenye miguu, unaingia kwenye chesi, kisha springi na matairi, na kambini unaingia kwenye jeki. Hakuna hata tundu moja nililotoboa kwenye paa.

Fundi aliyenichomelea alikuwa na njia fupi zaidi.

"Dada, tuzikaze hizi bomba kwenye kona za paa. Mbona watu wanabeba mizigo juu?"

"Mzigo ukishafungwa unatulia, fundi. Watoto hawatulii. Tushuke mpaka kwenye chesi."

"Sawa dada, ila bomba zitaongezeka."

"Ziongezeke."

Basi tupige hesabu kabla ya kwenda dukani. Dungu langu lina urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.5, yaani mita za mraba 3.6. Nilichukua kilo 250 kwa kila mita ya mraba, kwa kuwa ni sakafu ambayo watu watasimama pamoja na kusogea. Hiyo inatoa kilo 900. Sitarajii hata siku moja kuwa na kilo 900 juu, lakini watu watatu wakisimama kona moja kutazama kitu kilekile, kona hiyo peke yake inabeba uzito wao wote. Kilo 900 ukigawa kwa miguu sita unapata 150 kwa mguu, ikiwa mzigo umeenea sawasawa. Kwa kuwa hauenei sawasawa, mguu mmoja unapaswa kustahimili mara mbili ya hapo bila kulalamika.

Chuma tulichotumia ni bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene milimita 2. Mita moja ina uzito wa kilo 2.3 hivi. Lipo pia la unene wa milimita 1.2, ni jepesi na bei yake inavutia, ila fundi akikosea kidogo tu moto unalitoboa, na kutu nayo ikianza haina safari ndefu. Bomba za kukatiza tulizipanga kila baada ya sentimita 40. Nafasi hiyo ndiyo inayoamua unene wa ubao, kwa hiyo usiibadilishe halafu ukabaki na mbao zilezile.

Fremu yote ilichomelewa chini, mbali na trela. Cheche za grinda ni chembe za chuma cha moto. Zikitua kwenye rangi zinajichomeka humo na baada ya wiki chache unaona madoa ya kutu paa zima. Zile sehemu chache zilizolazimika kuchomelewa kwenye chesi yenyewe, yaani masikio ya kushikia miguu, tulizichomelea trela likiwa limefunguliwa kutoka kwenye gari, betri imechomolewa, na ukuta wa nyuma ya moto umekingwa kwa turubai lililoloweshwa. Kila mguu unakaa ndani ya sikio lake na kukazwa kwa bolti mbili za milimita 12 zenye nati za kujifunga. Nikitaka, nafungua bolti hizo na dungu zima linanyanyuliwa. Mguu wa kati uliangukia penye madigadi, tukausogeza mbele kidogo. Sio lazima nafasi zilingane. Lazima miguu ifike kwenye chesi.

Mambo mawili madogo yanayosahaulika sana kwenye bomba za mraba. Ziba ncha zote za juu kwa kipande cha bati kilichochomelewa, na toboa tundu la milimita 6 chini kabisa ya kila mguu. Bomba lililozibwa pande zote bado litapata unyevu, na maji yakiingia bila njia ya kutokea yanakila chuma kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa inang'aa. La pili ni mishikizo ya mshazari. Miguu sita iliyosimama wima bila mshazari hucheza, na kila ukitembea juu unasikia trela linayumba. Weka mmoja kila upande na mmoja mbele. Nyuma kwetu kuna mlango, kwa hiyo pale tulichomelea vipande vya pembetatu kwenye kona za juu badala ya kukata njia ya kuingilia.

Kati ya paa na dungu tuliacha sentimita 8, na hapo ndipo nilipopata faida kubwa kuliko niliyotarajia. Jua linapiga dungu badala ya paa, na upepo unapita katikati. Land Rover za zamani zilizoletwa nchi za joto ziliwekwa paa la pili juu ya paa kwa sababu hiyohiyo. Ukifika Ngare Sero saa nane mchana, ukanda wa Ziwa Natron ukiwa unachemka, utaona tofauti ukifungua mlango wa trela. Acha tu uwazi juu ya kila dirisha la paa ili liweze kufunguka, na paneli ya sola ikae mahali ambapo kivuli cha reli hakiifikii.

Sasa mbao. Plaiwudi ya milimita 18 ni rahisi kufunga, ila ina uzito wa karibu kilo 12 kwa mita ya mraba, maji yanatuama juu yake, na kingo zake zikishaingiwa na unyevu hufumuka. Msaji, ambao wengi huuita mtiki, ni mbao bora kuliko zote kwa kazi ya nje, na upo mwingi unaopandwa Longuza kule Muheza, lakini ni mzito na ni ghali. Mimi nilichukua saiprasi ya inchi moja, iliyokaushwa vizuri na kupigwa randa. Ni nyepesi, inanukia, na haichomi miguu kama chuma kikikaa juani. Kagua vifundo vya ubao mmoja mmoja. Ubao wenye kifundo kikubwa karibu na katikati ya nafasi ya bomba na bomba urudishe, kwa sababu ndipo utakapovunjika. Kati ya ubao na ubao acha milimita 6 maji yapite. Zifunge kwa bolti zenye kichwa cha duara kutoka juu, nati chini, na uweke ukanda wa mpira kati ya mbao na chuma ili zisisagane njiani.

Ukiamua kutumia alumini kwa fremu, utaokoa kilo nyingi, kwani alumini ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma. Lakini mafundi wanaoichomelea vizuri ni wachache, na inapokutana na chuma moja kwa moja penye maji huliwa haraka. Tenganisha kwa mpira au nailoni kila zinapogusana, hata chini ya washa.

Reli zangu zina urefu wa mita moja, bomba la milimita 25, zinachomekwa kwenye soketi na kufungwa kwa pini. Wakati wa safari zinalazwa na kufungwa juu ya mbao. Kwa kuwa nina watoto, niliongeza wavu imara kuanzia chini hadi juu. Uwazi ambao kichwa cha mtoto kinaweza kupita si reli. Ngazi iko nyuma, ina ndoano mbili, na sehemu ya kushikia inaendelea juu ya usawa wa sakafu ili anayeshuka gizani asitafute pa kushika.

Vyote kwa pamoja, chuma, mbao, reli na ngazi, vilifika kama kilo 130. Trela lenyewe na vitu vyake ni kilo 900. Kilo 130 zinaonekana chache hadi ukumbuke ziko wapi. Kitovu cha uzito wa trela kilikuwa karibu sentimita 80 kutoka ardhini. Baada ya dungu kilipanda kwa sentimita 15 hivi. Kwa upana wa mita 1.5 kati ya matairi, trela ambalo kwenye karatasi lingepinduka likifika mwinamo wa nyuzi 43, sasa lingepinduka kwenye nyuzi 38. Barabarani, springi zikilala na tairi likiingia kwenye korongo, ni chini zaidi ya hapo. Ndiyo maana vitu vizito vyote, maji, betri, mtungi wa gesi, tulivishusha sakafuni kabisa, na ndiyo maana tukiwa safarini juu hakuna kitu zaidi ya reli zilizolazwa. Hakuna tairi la akiba, hakuna kuni. Anayejenga dungu halafu akaligeuza keria amelipindua trela lake nusu tayari.

Kisha pima uzito unaokaa kwenye ndoano ya gari. Unatakiwa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Ukipungua, trela huanza kutikisa mkia kwenye lami, na likishaanza kwa kasi ya 80 ni vigumu kulituliza. Huhitaji mzani wa kiwandani. Chukua ubao mgumu, upande mmoja ulaze juu ya tofali, upande wa pili juu ya mzani wa bafuni, vimo vyake vilingane. Shusha ndoano ya trela juu ya ubao mahali ambapo umbali hadi kwenye tofali ni sentimita 40, na umbali kutoka tofali hadi mzani ni sentimita 120. Unachosoma kwenye mzani zidisha kwa tatu. Trela langu la kilo 1,030 lilipaswa kusoma kati ya kilo 34 na 51. Pima likiwa limesimama mlalo, limepakiwa kama siku ya safari.

Kambini utaratibu ni mmoja, na watoto wangu wanaujua kwa kichwa: vizuizi kwenye matairi, jeki nne za kona zimeshuka na kukazwa juu ya vipande vya mbao, ndipo ngazi inatundikwa. Trela la ekseli moja lililofunguliwa kwenye gari ni mzani. Watu wawili wakipanda kwa nyuma, mbele inanyanyuka. Jeki za nyuma ndizo zinazozuia hilo. Gari likitembea hakuna mtu juu, hata kwa hatua kumi. Radi ikisikika, wote chini, maana ukiwa uwandani wewe ndiye uliye juu kuliko vichaka vyote. Wala dungu si kimbilio la kukuepusha na wanyama. Chui anapanda mti. Mita mbili hazimshindi.

Pamoja na masharti yote hayo, naomba ujenge. Ukiwa chini, Natron ni mstari mweupe nyuma ya nyasi. Ukipanda mita mbili unaliona ziwa, na heroe wakiwa wamejipanga pembeni mwake kwa rangi yao ya waridi. Nenda katikati ya Juni, masika yakiwa yamekatika, upande juu saa mbili usiku. Kusini, Msalaba wa Kusini unasimama juu ya Ol Doinyo Lengai. Geuka kaskazini, nyota saba za Dubu Mkubwa ziko pale, usiku uleule na saa ileile. Watu wanaoishi mbali kaskazini au mbali kusini mwa dunia hawapati vyote viwili, nasi tunavipata kwa kugeuza shingo. Nataka kila mtoto wa nchi hii avione akiwa amelala chali kwenye mbao zenye joto la mchana.

Lililobaki ni matunzo. Mbao zipake mafuta ya kitani kabla ya masika na baada ya kiangazi. Vanishi ya kung'aa hubanduka juani na kuteleza ikilowa. Chuma kikikwaruzwa, sugua, paka redoksaidi siku hiyohiyo, kisha rangi. Na ukimaliza kukaza bolti zote kwa mara ya kwanza, chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye chuma kilicho pembeni. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka ina rasta na mawe ya kutosha kulegeza chochote. Ukisimama kupumzika, zunguka trela na utazame mistari. Uliokatika unakuonyesha nati iliyozunguka, nawe huhitaji kushika spana kwa zile nyingine. Kwenye trela langu ni bolti za mishazari ndizo zinazolegea kwanza, kwa hiyo naanzia hapo.