Kufundisha Somo la Utitiri wa Vumbi

Makala haya yamekusudiwa walimu-wanafunzi watakaofundisha Sayansi katika madarasa ya juu ya shule za msingi. Mara nyingi somo la vumbi hufundishwa kwa amri tupu: fagieni vyumba, anikeni magodoro. Mwanafunzi huinakili amri, huijibia mtihani, kisha huisahau. Sisi twapendekeza njia nyingine. Mwanafunzi na aelewe kwanza jinsi kiumbe huyu anavyoishi, ndipo aweze kuitafuta kinga kwa akili yake mwenyewe.

1. Maarifa ya Mwalimu

Utitiri wa vumbi ni jamaa ya kupe na buibui, nao una miguu minane. Urefu wake ni kama milimita 0.3, kwa hiyo ni vigumu mno kuuona kwa macho matupu. Hauumi wala haunyonyi damu. Chakula chake ni magamba madogo ya ngozi yatubandukayo kila siku. Ndiyo sababu makao yake makuu ni godoro, mto na zulia.

Madhara hutokana hasa na kinyesi chake, ambacho hurushwa hewani pamoja na vumbi na kuvutwa puani. Watu wengi hawadhuriki nacho. Lakini miili ya wengine hukidhania kuwa adui na kupambana nacho. Hali hii huitwa mzio. Dalili zake ni kupiga chafya, kutokwa na kamasi, macho kuwasha, na kwa baadhi ya watu kushikwa na pumu. Mwaka 1964 wataalamu wa Leiden, Uholanzi, wakiwamo Voorhorst na Spieksma, walieleza kwamba utitiri ndio chanzo kikubwa cha mzio utokanao na vumbi la nyumbani. Waliona pia kuwa nyumba zenye unyevu zilikuwa na utitiri wengi zaidi.

Unyevu ndio siri ya somo hili. Utitiri haunywi maji, huyapata hewani. Karibu na miguu yake ya mbele mna tezi zenye maji ya chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa. Hewa ikiwa kavu kwa muda mrefu, chumvi hukauka, tundu la tezi huziba, na kiumbe hufa kwa kukaukiwa.

2. Hatua za Somo

Hatua ya kwanza: Waulize wanafunzi kwa nini chumvi ya jikoni hulowana wakati wa masika. Wanaoishi pwani watajibu upesi.

Hatua ya pili: Weka chumvi kavu katika visahani viwili. Kimoja kifunikwe kwa bakuli pamoja na kitambaa kibichi, kisigusane nacho. Kingine kiwekwe juani. Kesho yake wanafunzi wavilinganishe.

Hatua ya tatu: Eleza jinsi utitiri unavyopata maji, kisha uliza: "Tufanye nini ili ukose maji?" Usiwape jibu. Watalifikia jua wenyewe.

3. Kinga Nyumbani

Majibu ya wanafunzi yakusanywe ubaoni na kukamilishwa hivi:

(a) Godoro na mito vianikwe kwenye jua kali na kugeuzwa pande zote.
(b) Jua huua utitiri lakini haliondoi kinyesi. Kwa hiyo, baada ya kuanikwa, godoro likung'utwe nje, mbali na mgonjwa.
(c) Shuka na foronya zifuliwe kila juma. Maji ya moto wa nyuzi 60 za Sentigredi huua utitiri. Maji baridi huondoa sehemu kubwa ya uchafu wake, ila wengi husalia hai.
(d) Sakafu ipigwe deki, kwani ufagio mkavu hurusha vumbi.
(e) Chumbani mwa mgonjwa mkeka wafaa kuliko zulia.

Sisitiza kwamba hatua moja peke yake haitoshi. Zifanywe kwa pamoja, na zirudiwe.

4. Tahadhari kwa Mwalimu

Katika darasa lako huenda yumo mtoto mwenye pumu. Asipewe zamu ya kufagia wala kukung'uta, na asifanywe kielelezo mbele ya wenzake. Wafundishe wote kwamba pumu haiambukizi, wala si dalili ya uvivu. Aidha, usafi haushiki nafasi ya dawa. Mtoto aliyepewa dawa ya kuvuta aendelee nayo kama alivyoagizwa, na akishikwa darasani aruhusiwe kuitumia mara moja. Akizidi kukosa pumzi, apelekwe hospitali bila kungoja kengele.

Maswali ya Mazoezi

1. Kwa nini tunaanza na chumvi badala ya kuanza na utitiri?
2. Mwanafunzi akiuliza, "Mbona tunalala godoro moja na ndugu yangu, naye peke yake ndiye anayeugua?" utamjibuje?
3. Tayarisha andalio la somo hili kwa shule isiyo na darubini.